Chale kwa Watoto Wote

Kwa miezi saba nilifanya kazi na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwachekesha watoto, na sikumbuki siku hata moja niliyompenda. Yeye alipanga chumba Soweto ya Mbeya, mimi Ilomba. Kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama tulikuwa pamoja ndani ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mimi kwenye usukani, yeye pembeni na begi lake la nguo mapajani, tukifuata mahafali ya chekechea, sikukuu za kuzaliwa na maduka mapya yanayofunguliwa. Kama kulikuwa na watoto zaidi ya kumi mahali fulani Mbeya mjini, na mtu mzima aliyetaka wanyamaze kwa nusu saa, tuliitwa.

Mimi ni mtu wa Iringa, wa vijiji vya juu kule ambako baridi ya Juni inaunguza majani ya viazi. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua malori ya mbao yanakwenda wapi. Nikajua. Yanakwenda Makambako, halafu yanakwenda Dar. Baada ya hapo sikuweza kutulia. Nimepasua mbao Mufindi, nimepakia viazi Uyole, nimebeba magunia misimu miwili kwenye kinu cha mpunga Rujewa, na huko kinuni ndiko mtu mmoja alikonifundisha kuendesha gari. Ninasoma chochote kinachopita mbele ya macho yangu: gazeti lililofungia maandazi, karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, maandishi ya nyuma ya mabasi. Sijasoma kwa mpangilio, lakini nimesoma.

Yeye alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, wa ukoo wa watu wa pwani waliopanda bara zamani na biashara zao. Alizaliwa Iringa mjini nyuma ya duka la vitambaa, lakini ukimsikia anavyoongea ungedhani amefika jana kutoka Tanga. Ujanani alikuwa kwenye kikundi cha sarakasi. Alisimama juu ya mabega ya watu waliosimama juu ya mabega ya watu wengine, mpaka siku moja wa chini akapiga chafya. Nyonga yake haikupona vizuri. Kikundi kikamwambia abaki chini, ajipake rangi, aanguke makusudi, kwa kuwa alikuwa ameshaonyesha kwamba anajua kuanguka. Alinisimulia hivyo bila kucheka. Hakuwa mtu wa kucheka.

Mwanzoni niliipenda kazi yake, si yeye. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Anaangukaje bila kuumia? Kwa nini mtoto wa miaka mitatu analia akiona uso mweupe, lakini wa miaka mitano anacheka? Rangi anatengeneza vipi? Hilo la mwisho alinijibu, maana nilimwona akichanganya: poda ya watoto na mafuta ya mgando, wanja kwenye nyusi, na pua aliyokata kwenye sponji la godoro akaichovya kwenye rangi ya chakula. Maswali mengine aliyajibu kwa kusahihisha jinsi nilivyoyauliza.

Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Nikisema gari yangu, anasema, "Gari langu. Rudia." Nikiagiza chakula mgahawani nikasema ugali yangu isiwe ngumu, ananyanyua kidole mbele ya dada anayehudumu: "Ugali wangu usiwe mgumu. Rudia." Na mimi, sijui kwa nini, siku za kwanza nilirudia. Dada wa watu akacheka, mzee akamtazama kama mwalimu anayemwonyesha mkaguzi mwanafunzi mzito. Hata leo nikiandika neno gari mkono unasita kidogo, nasubiri ile sauti.

Siku moja nilimuuliza kama alikuwa amenielewa au hakunielewa.

"Nimekuelewa," akasema. "Hata ng'ombe namwelewa."

Ningeweza kuvumilia hayo. Kuna mabosi wanaopiga, huyu alikuwa anasahihisha tu. Nilichoshindwa kuvumilia nilikiona kwenye mahafali ya chekechea moja Ilomba. Nilikuwa nyuma ya shuka, kwenye spika, nikisubiri ishara ya kupiga muziki. Alimaliza kuanguka, alimaliza mchezo wa kinyozi, halafu akavaa kofia ya sufu kama yangu na kuingia dukani, yaani kwenye meza yenye pakiti ya chumvi.

"Habali za asubuhi," akasema. "Nimetembea balabala yote. Nipe sukali kilo selasini."

Watoto walicheka mpaka wengine wakalala chini. Ilinichukua muda kujua nimeisikia wapi sauti ile. Ilikuwa yangu. Ile namna ya kuvuta neno mwishoni, kana kwamba unalisukuma mlimani, alikuwa ameichukua kinywani mwangu ndani ya gari. Hata kutembea alitembea kama mimi, mabega mbele. Nilichungulia pembeni ya shuka nikawatazama wale watoto. Nusu yao mama zao wanasema balabala. Mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa amefunika mdomo kwa kitenge akicheka, na mwanamke huyo asubuhi ile ile alikuwa amenielekeza njia kwa maneno hayo hayo.

Tangu siku hiyo sijaweza kuwatazama watu wa kazi hiyo kwa jicho zuri. Watu wanasema wanaleta furaha. Mimi niliyekaa nyuma ya shuka naona kitu kingine. Mchekeshaji anawaonyesha watoto nani wa kuchekwa, na watoto wanajifunza haraka, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa yeye. Nilimwambia kwenye gari asiniigize tena. Akasema hajaniigiza mimi, ameigiza mtu wa bara, na kama nimejiona humo basi ni kazi nzuri. Mchezo ule akauweka kila mahali.

Mwaka jana, baada ya mavuno, tuliitwa kwenye kituo kimoja kidogo cha televisheni, vyumba vitatu ghorofani, hapo hapo Soweto. Aliyetuita alikuwa mtayarishaji wa vipindi, dada mdogo kuliko mimi, anayeongea kwa upole na kuandika kila kitu kwenye daftari. Alitaka kipindi cha watoto cha Jumamosi asubuhi. Katuni za nje zimewachosha, alisema, na watoto wanaharibika lugha. Alitaka mchekeshaji atakayewafundisha watoto Kiswahili sanifu huku wakicheka. Alikuwa amemwona mzee kwenye mahafali ya mpwa wake.

Nilimtazama mzee. Sijawahi kumwona mtu akijizuia kiasi kile. Alikaa wima kama yuko msikitini, akajibu kila swali kwa sentensi kamili. Yule dada akasema wakubwa wake hawaamini bado. Wanataka kuona picha za watoto wa kweli wakimcheka, siku moja tu ya majaribio, kwa kuwa kamera yenyewe ni ya kuazimana. Watoto wakicheka, kipindi ni chake mwaka mzima. Wasipocheka, Jumamosi zitabaki za katuni.

Tukiwa tunashuka ngazi alisimama katikati, akashika nyonga.

"Hiki ndicho cha mwisho," akaniambia. "Nikikikosa narudi Iringa kwa dada yangu. Ameshaniwekea kiti nyuma ya duka. Kiti chenye mto."

Ni mara pekee aliyoniambia jambo lake bila kunisahihisha. Na lazima niseme ukweli, hata hapo sikumhurumia. Nilifikiria kipindi kile cha mwaka mzima, kila Jumamosi, kila nyumba yenye televisheni, na sauti yangu humo ndani ikiomba sukali.

Mjini watoto wote walikuwa wameshamwona, wengine wanajua hata ataanguka lini. Dada wa televisheni alitaka nyuso zinazomwona kwa mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyetaja Rujewa. Nilitaja bila nia mbaya. Nawafahamu watu wa kule, watoto wako wengi, na baada ya mavuno wazazi wana nafasi. Wakakubali: Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Barua ikapelekwa kwa mtendaji wa kata. Mimi nitangulie Ijumaa, nizunguke na spika kutangaza.

Tangazo alilirekodi mwenyewe siku ya Alhamisi, ndani ya gari, vioo vimefungwa ili upepo usiingie. Alikuwa ameliandika kwenye karatasi. Nalikumbuka lote kwa sababu nililisikia siku iliyofuata labda mara mia mbili: "Wazazi wa Rujewa, chale anakuja! Kesho saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Chale kwa watoto wote, bila malipo. Mzazi, usimnyime mwanao. Chale kutoka Mbeya mjini."

Nilimuuliza chale ni nani.

Akashusha karatasi. Akanitazama, na nikaona amefurahi. Akasema chale ni yeye. Chale ni mchekeshaji, mtu wa vituko, neno safi la Kiswahili ambalo babu yake alilitumia, na kama kule kwetu milimani halijafika basi kosa si la neno. "Nenda ukaangalie kamusi," akasema. "Kama utajua pa kufungua."

Nikaenda. Kuna mtu anauza vitabu vilivyotumika karibu na soko la Soweto, ananiruhusu kusoma nimesimama. Nikaikuta. Kulikuwa na chale mbili, moja juu ya nyingine, kila moja na namba yake. Mmoja alikuwa mtu, mchekeshaji, kama mzee alivyosema. Nyingine ilikuwa ile ninayoijua mimi na kila mtu aliyezaliwa huku: kijeraha cha wembe, kinachochanjwa na kupakwa dawa. Ninazo tatu kifuani. Bibi yangu alinichanja nilipokuwa na degedege.

Nilisimama pale na kamusi mkononi nikilisoma tangazo upya kichwani. Chale kwa watoto wote, bila malipo. Mzazi, usimnyime mwanao. Nilijua huku hakuna anayeita mchekeshaji chale. Watu wa miaka yake labda, wa koo zao, mjini. Nilifunga kamusi, nikamrudishia mwenyewe, nikaenda kula. Sikuamua kunyamaza. Nilijiambia tu kwamba kwa mara ya kwanza ninajua kitu ambacho yeye hajui, na nilitaka kukaa nacho kidogo.

Ijumaa mchana nilikuwa naingia mtaa wa kwanza Rujewa, spika juu ya gari. Mtaa wa pili kulikuwa na mwanamke anapepeta mchele mbele ya nyumba, mtoto mgongoni, mwingine anacheza na kifuniko cha ndoo. Ukoo wao ni wa wale waliotoka Usukumani na ng'ombe wao wakawa wakulima wa mpunga, niliwajua wengi kinuni. Alipolisikia tangazo aliacha ungo. Akamshika mkono yule wa kwenye kifuniko akamsimamisha nyuma yake. Kisha akaja mpaka dirishani.

"Kaka, chale za nini hizo?"

Nikasema aje kesho ataona.

"Za serikali au za mganga?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Nimelifikiria sana dirisha lile. Neno moja tu lilitosha: mchekeshaji. Nisingehitaji hata kuzima spika. Yule mama alikuwa ameniuliza kwa adabu na alikuwa anasubiri.

"Njoo kesho utaona, dada," nikasema tena, nikapandisha kioo.

Nikazunguka mpaka jua likaanza kushuka. Kila mtaa niliona jambo lile lile: watoto wanakimbilia gari kwa sababu ya spika, na mikono ya watu wazima inawavuta kurudi. Wazee wawili kwenye bao waliacha kete hewani. Mzee wangu, aliyebaki mjini, alinipigia simu kuuliza watu wamelipokeaje tangazo. Nikamwambia wanalisikiliza sana.

Usiku nilirudi mjini kumchukua, na asubuhi yake tulifika saa tatu na nusu. Dada wa televisheni na mpiga picha walikuja na gari lao. Mzee alijipaka rangi ndani ya darasa tupu, mbele ya kioo kidogo alichokiegemeza kwenye ubao. Alivaa suruali yake pana yenye kamba za mabegani, viatu virefu, pua. Alipotoka nje kulikuwa na watu kama arobaini uwanjani, wamesimama. Wanawake wengi, wanaume kiasi, bibi mmoja na fimbo. Hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Mwenyekiti wa kitongoji alimwomba dada wa televisheni waingie ofisini wampigie mtendaji, maana ile barua ilisema burudani na yeye alikuwa amesikia jambo jingine. Wakaingia. Mpiga picha alikuwa ameshawasha kamera, akaniuliza watoto wako wapi. Nikamwambia labda wanakuja nyuma. Mzee naye alidhani hivyo. Alidhani wazazi wametangulia kumkagua, na mtu wa kazi ile akiona watu arobaini hawezi kukaa kimya.

Akaanguka. Ule mwanguko wake mzuri kuliko yote, wa kujikwaa kwenye kiatu chake mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Akainuka, akajipangusa, akaingiza mkono begini kuchukua kifaa cha mchezo wa kwanza.

Mchezo wake wa kwanza siku zote ulikuwa wa kinyozi. Alitoa wembe wa mbao, mrefu kama mkono wa mtu, uliopakwa rangi ya fedha, akaunyanyua juu ukang'aa.

"Nani wa kwanza?" akasema kwa ile sauti yake ya watoto. "Haumi, haumi. Nani wa kwanza?"

Kundi lote likavuta pumzi. Nilisikia.

"Wa kwanza wewe," mwanamke mmoja akasema.

Wakaanza kumsogelea. Yeye bado alidhani ni mchezo, na hapo akafanya kosa ambalo hakuna kamusi ingemwokoa nalo. Aliwajibu kwa sauti ya mtu wa bara. Aliwaambia kwa kuvuta, mabega mbele, "Msiogope, mama zangu. Dawa ipo, leteni watoto halaka halaka."

Sikuwa naona vizuri kilichofuata. Wembe wa mbao ulivunjika chini ya miguu ya mtu. Walimshika mikono, wakataka kujua nani kamtuma, dawa iko wapi, anataka damu ya watoto ya nini, wembe mmoja kwa watoto mia. Kuna aliyesema, "Mfuteni tumwone sura," na yule bibi mwenye fimbo akasogea kwa utaratibu, akachukua pembe ya kitenge chake, akamshika kidevu kama anayemfuta mjukuu makamasi, akasugua. Poda na mafuta vikatoka kipande. Upande mmoja ukabaki mweupe, upande mwingine ukawa uso wa mzee wa mjini anayehema. Alijaribu kurudi nyuma, kile kiatu kirefu kikamnasa, akaanguka kwenye nyonga yake mbovu.

Na hapo watu wawili watatu wakacheka. Ni kicheko pekee kilichorekodiwa siku ile, maana mpiga picha alizima kamera hapo hapo.

Akiwa chini alinyanyua kidole. Sauti yake ilikuwa imebadilika lakini sentensi zilikuwa kamili. Alisema yeye ni chale, mchekeshaji, na tangazo lilisema wazi.

"Nimesema chale anakuja," akasema. "Anakuja. Chale za mwilini haziji, huchanjwa. Hamsikii?"

"Mwenye wembe ndiye aliyekuja," mwanaume mmoja akamjibu, na kwa haki yake alikuwa na hoja.

Nikatoka kwenye gari. Nilisema kwa Kiswahili changu, kile kile cha balabala, kwamba huyu mzee ni wa vichekesho tu, anachekesha watoto kwenye mahafali, hana dawa, hana wembe wa kweli, wembe wenyewe mbao, angalieni. Wengine walinikumbuka wa kinuni. Haikuchukua dakika mbili. Mabega yalishuka, mmoja akaokota kipande cha mbao akakibonyeza kwa kidole, bibi akamshika mzee mkono kumsaidia kukaa. Kelele zikaisha kama redio iliyozimwa.

Ni ule wepesi ulionisaliti. Mzee alikuwa amekaa chini, ananitazama mimi badala ya watu. Kisha yule mama wa ungo akapenya mbele, mtoto bado mgongoni.

"Mbona jana hukusema hivyo?" akaniuliza. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu. Ukapandisha kioo."

Mzee ndiye aliyeongea, polepole, upande mmoja wa mdomo ukiwa na rangi nyekundu.

"Ulijua tangu lini?"

"Alhamisi," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesomewa bei ya kitu. Dada wa televisheni na mwenyekiti walipotoka ofisini tulikuwa tumeshamnyanyua, na watu walikuwa wanatawanyika wakimlaumu mtendaji.

Kabla ya kuondoka alibadili nguo, za kazi akazirudisha begini, lakini hakujifuta upande uliobaki wa uso. Tulipofika barabara kuu, pale ambapo kushoto ni Mbeya na kulia ni Iringa—au ni kinyume chake, inategemea unatazama wapi—aliniambia nisimamishe. Akashuka, akavuka barabara kwa kuchechemea, akasimama na watu waliokuwa wakisubiri basi la Iringa. Watoto wawili waliokuwa wanauza karanga walimsogelea wakamtazama usoni. Hakufanya lolote. Nikaondoka. Nilikuwa nimefika Chimala nilipoona begi lake bado liko kwenye kiti.

Jumatatu dada wa televisheni aliniita. Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Alikuwa ameshaambiwa na mwenyekiti maana ya pili ya lile neno, na alionekana hajalala vizuri. Akasema wakubwa wameona picha na wamekasirika, lakini yeye bado anaweza kuwaomba siku nyingine moja. Inategemea.

"Kaka, nataka nijue kitu kimoja," akasema. "Ijumaa, hakuna mtu aliyeuliza? Kama watu walionyesha wasiwasi na Mzee akapuuza, siwezi kumtetea. Lakini kama hakujua, kama habari haikumfikia, hilo ni jambo jingine. Hapo nitamtetea mpaka mwisho."

Alikuwa ameuweka mlango wazi kabisa. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: waliuliza, waliniuliza mimi, nikakaa kimya. Ningepoteza nini? Kazi ya udereva ambayo nilikuwa naichukia. Mzee angepata siku yake nyingine, angepata kipindi, na kila Jumamosi ningemsikia mtu wa bara akiomba sukali.

"Mzee haulizi watu," nikasema. "Mimi dereva tu."

Kila neno lilikuwa kweli. Akaandika. Halafu akasema hata hivyo ni haki amuulize mwenyewe, akapiga simu, akaiweka mezani ikiwa kwenye spika. Mzee alipokea haraka. Nyuma yake nilisikia mtu akichana kitambaa kwa mita, kwa hiyo nikajua ameketi wapi.

Yule dada alimpa pole ya nyonga. Akamuuliza kwa utaratibu, kama alivyoniuliza mimi, ikiwa kuna mtu aliyejua kwamba kule neno lile lina maana nyingine. Akamuuliza kama dereva, kwa mfano, alikuwa na habari.

Nilitazama simu. Alichokuwa nacho mkononi kilitosha kunimaliza mimi na kumrudishia yeye kipindi. Alhamisi, ndivyo nilivyomwambia, mbele ya watu. Alihitaji kusema tu kwamba yule mpakia viazi alijua watu wa kule watalisikiaje neno, na yeye hakujua.

Kitambaa kilichanwa tena kule Iringa.

"Dereva ana habari gani ya Kiswahili ya kunipa mimi?" mzee akasema.

Dada wa televisheni alifumba macho kidogo. Akasema, "Basi, Mzee wangu," na nikaona anachora mstari kwenye daftari, si kwa hasira. Wapo watu, nikiwasimulia, wanaosema alinilinda. Hawamjui. Hakuna wema wowote katika jibu lile. Alichagua kile kiti chenye mto kuliko kukubali kwamba nilimzidi kwa neno moja.

Alikuwa karibu kukata simu mzee alipouliza kama niko hapo. Yule dada akanitazama, akasema nipo.

"Mwambie begi langu aliache kwa mama mwenye nyumba Soweto," mzee akasema. "Nguo zihesabiwe. Na mwambie asizivae."

Nilisema nimesikia. Nilikuwa nimeshazivaa tangu Jumapili mchana, chumbani kwangu Ilomba, mlango nimeukomea, na vile viatu virefu vilinienea.